Niliilaza Betri Chumbani, Nikamponza Elia

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya mkiwa mmejilaza kwenye kochi, inukeni mkae vizuri. Bibi anazungumza, na leo hazungumzi ili awaseme ninyi. Anajisema mwenyewe.

Nimekosa! Sikurogwa, sikudanganywa na mtu. Nimekosa mimi, kwa mdomo wangu huu uliozoea kuamuru.

Jina langu silitaji. Wanaonijua kanisani watanitambua kwa maneno tu, na waache wanitambue. Shule niliishia darasa la tatu, vita vikatufukuza. Haya ninayoandika, mjukuu wangu wa kike ananinyooshea herufi. Maneno ni yangu.

Sisi ni watu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Tulikaa kambini upande wa Kigoma mpaka watoto wetu wakaota ndevu, halafu tukaletwa huku Minnesota kwenye barafu. Sasa tunakaa Maplewood, katika nyumba aliyoinunua binti yangu na mume wake. Binti yangu yuko hospitali, shifti juu ya shifti. Mume wake anaendesha lori la safari ndefu. Mimi nabaki na mzee wangu, mume wangu, ambaye mapafu yake yamechoka. Analala na mashine ya oksijeni kando ya kitanda. Umeme ukiwepo, mashine inavuma na yeye anapumua. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza, na yeye anaanza kuitafuta hewa kwa mdomo wazi.

Dhoruba za huku mnazijua. Mti ukianguka juu ya nyaya, mtaa mzima giza. Ilitokea, tukambeba mzee mbiombio hadi hospitali amevaa soksi mguu mmoja. Baada ya hapo binti yangu akasikia kwamba kuna mpango wa msaada: familia yenye mgonjwa wa mashine inawekewa betri kubwa ya sola nyumbani, na sehemu kubwa ya gharama inalipwa na mpango. Paa linashika jua mchana, betri inatunza, umeme ukikatika betri inashika zamu.

Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Kumbe nilikuwa namshukuru kwa kitu ambacho nitakiharibu kwa mikono yangu!

Sasa nimlete Elia. Elia silo jina lake, lakini nitamwita hivyo. Mama yake alikuwa rafiki yangu kambini, tulichota maji bomba moja. Alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Nikamfunga mgongoni pamoja na mzigo wangu wa kuni, nikamlea. Hakutoka tumboni mwangu, lakini muulizeni mtu yeyote wa kambi yetu Elia ni wa nani, atawaambia ni wangu.

Alikuwa mtoto wa nyaya tangu zamani. Redio ikifa, Elia. Taa ya kanisa ikizimika, Elia. Alipofika huku akaajiriwa na kampuni inayofunga sola, kampuni yenye kibali cha ule mpango. Mwanzoni alibeba vyuma juu ya paa, baadaye wakamwandikisha kama mwanafunzi wa ufundi. Huku umeme huushiki kwa sababu tu unaujua. Unafanya kazi chini ya macho ya fundi mwenye leseni kwa miaka, saa zako zinahesabiwa, ndipo unafanya mtihani upate leseni yako. Elia alikuwa amekaribia. Jumapili baada ya ibada alikuwa ananiambia, "Mama, bado kidogo tu. Nikipata leseni, hata wewe utaniita Bwana Fundi."

Namjibu, "Nitakuita Bwana ukishaoa." Maana alikuwa na mchumba huko Lakeville, binti wa watu wenye heshima, na mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi kusimama kama mama yake siku ya kupeleka posa.

Siku ya kufunga betri, kampuni ilikuja na fundi mkuu, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele za kusuka na kiuno chenye zana kama askari. Elia alikuwa katika kundi lake. Yule mama akazunguka nyumba yote na kipimo. Nikamwonyesha chumba cha mzee wangu, nikamwambia betri ikae pale, karibu na mgonjwa. Akatikisa kichwa. Elia akanitafsiria.

"Mama, anasema chumba cha kulala hapana. Hairuhusiwi kabisa. Itakaa garaji, kwenye ule ukuta wa mbali."

"Mwambie garaji kuna baridi. Itaganda."

"Anasema betri hii ina joto lake la ndani."

"Na mwizi je? Nayo ina mbwa wake wa ndani?"

Elia alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomtafsiria yule mama naye akacheka, lakini betri ikaenda garaji vilevile. Ilikuwa ya vipande vitatu vinavyopandana, vyeupe, kama masanduku ya mahari. Wakaweka kengele ya moshi juu yake, wakabandika karatasi za onyo, wakapiga picha kila pembe. Yule mama hakuondoka hata kununua chai. Elia alinieleza kwamba ndivyo sheria ilivyo: mwenye cheti lazima awepo mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo atakuja mkaguzi wa mji, na mpaka mkaguzi apitishe, msaada haujawa wetu. Na betri haisogezwi.

Nilisikia. Naomba mniandikie hilo: nilisikia! Sitakuja kusema sikuelewa lugha.

Basi haikupita muda, garaji ya jirani yetu ikavunjwa. Wakabeba mashine yake ya kuondoa theluji na baiskeli za watoto. Mimi usingizi ukanikimbia. Ninyi mliozaliwa huku hamwezi kujua. Kambini, mtu aliyekuwa na betri ya sola alikuwa tajiri, na kila tajiri alilala na betri yake. Chini ya kitanda, waya umepitishwa dirishani, mguu wako juu yake. Betri iliyolala nje ilikuwa betri ya mwizi. Kaka yangu aliiacha yake barazani mara moja tu, akaamkia waya uliokatwa. Kwa hiyo kila nilipomwangalia mzee wangu anapumua, nikawaza: pumzi yake iko garaji, nyuma ya mlango wa bati, na wezi wanapita.

Nikamwita Elia. Nilichagua Jumamosi ambayo binti yangu yuko kazini.

Alikuja na mkate na maziwa, kama kawaida yake. Nikamwambia, "Weka mkate chini. Ile betri uitoe garaji uilete kwa baba yako. Ni ukuta mmoja tu unatenganisha, utatoboa."

Akadhani natania. "Mama, unataka nifukuzwe Marekani?"

"Sitaki ufukuzwe. Nataka utoboe."

"Mama, haiwezekani. Mimi sina leseni bado, siruhusiwi kufungua ile kitu peke yangu. Na chumbani hairuhusiwi hata angekuja nani. Ikishika moto, moshi wake ni sumu. Na baba ana oksijeni mle ndani! Wakijua, saa zangu zote zimekwenda na maji."

"Kambini ulifunga betri za kanisa zima na huna hata viatu. Leo leseni?"

"Kambini mkaguzi alikuwa panya, Mama."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mtu akicheka amri inalegea. Nikamwambia, "Wazungu wamekutia woga. Zamani ulikuwa mwanaume."

Akasema pole pole, "Nitakuletea kufuli nzuri ya garaji. Nitakuwekea taa inayowaka mtu akipita. Leo hii nitaziweka. Lakini betri sigusi."

Jamani! Si jibu la mtu mwenye akili hilo? Kufuli na taa! Ningesema asante mwanangu, tukanywa chai, na leo nisingekuwa na kitu cha kuwaandikia.

Badala yake nikasimama. Nikashika kiuno. Nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka ulimi unaniwasha. Nilimwambia, "Mimi nilikubeba kwa mgongo huu huu ukinikojolea, sikukuomba leseni. Leo nakuomba kitu kimoja kwa ajili ya baba yako, unanihesabia sheria. Sawa. Nenda. Na siku ya posa huko Lakeville, tafuta mama mwingine mwenye leseni akusindikize."

Niliona uso wake unavyobadilika. Ninyi vijana wa hapa mnaweza kuona ni maneno tu. Lakini mtoto asiye na mama, akienda kuposa bila mtu wa kusimama upande wake, anaonekana kama ameokotwa. Wajomba wa binti wanauliza, "Huyu ni wa nani?" na hakuna wa kujibu. Elia alilijua hilo, na mimi nilijua kwamba analijua. Ndiyo maana nikalisema.

Aliuokota ule mkate, akauweka mezani. Halafu akaenda kwenye gari kuchukua zana.

Alifanya kazi ile jasho linamtoka, na mimi nimesimama mlangoni nikimharakisha, "Fanya upesi, dada yako atarudi." Alitoboa ukuta, akavuta nyaya, akavipanga vile vipande vitatu kimoja kimoja kando ya kitanda cha mzee. Mzee wangu akauliza kwa sauti yake ndogo, "Mnafanya nini?" Nikamwambia, "Tunakuletea pumzi yako karibu." Elia alipomaliza hakunywa chai. Alisema tu, "Mama, usiifunike. Inahitaji hewa." Akaondoka.

Mimi nikaifunika. Kile kitambaa changu cha kufuma, cheupe, nikakitandika juu. Nikaweka na maua ya plastiki. Ilipendeza! Usiku ule nililala kama mtoto.

Binti yangu alipoiona alishika kichwa. Nikamwambia nimeshaamua. Katika nyumba yetu, nikisema nimeshaamua, mjadala umekwisha. Akasema, "Mama, mkaguzi bado hajaja." Nikamjibu, "Akija nitamkaribisha."

Akaja. Mzungu mzee, mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Binti yangu alikuwa kazini tena, nikawa na mjukuu wangu wa kike, huyu huyu anayeninyooshea herufi. Mkaguzi akaenda garaji, akakuta kengele ya moshi inalinda ukuta mtupu. Akafuata waya. Akaingia chumbani, akamwona mzee wangu na mpira wa oksijeni puani, na kando ya kichwa chake meza yangu nzuri yenye maua.

Akainua kitambaa kwa vidole viwili. Akaweka kiganja juu ya betri, akakiondoa haraka. Akachuchumaa, akamulika kwa tochi. Kulikuwa na waya uliobanwa vibaya pale ulipopita ukutani, umeanza kuwa mweusi. Kwa siku kadhaa nilikuwa nasikia harufu fulani, nikadhani ni sufuria ya mjukuu.

Alipozungumza, sauti yake haikupanda. Mjukuu wangu akatafsiri, naye uso umempauka. "Bibi, anasema ule ukuta kati ya garaji na nyumba umejengwa kuzuia moto, na sasa una tundu. Anasema hapa na oksijeni, ikiwaka, Babu hatatoka. Hakuna ambaye angefika kitandani. Anazima sasa hivi. Na anauliza, nani aliihamisha?"

Hapo, wanangu. Hapo ndipo penyewe!

Jibu la kweli lilikuwa fupi: mimi. Nimeamuru mimi, kijana alikataa, nikamtisha. Mdomo huu unaojua kusema kila kitu ulikuwa na nafasi ya kusema hayo. Lakini niliogopa. Niliogopa kwamba watasema bibi huyu ni hatari kwa mgonjwa, wamchukue mzee wangu wampeleke kwenye nyumba ya wazee. Niliogopa aibu mbele ya mjukuu. Nikasema, "Elia." Nikataja na jina la baba yake mzazi. Nikaongeza, "Yule anayefanya kazi kwenye kampuni. Yeye ndiye fundi, mimi najua nini?"

Mjukuu akanigeukia. "Bibi, no! Mwambie wewe ndiye ulimwambia."

Nikamkazia macho. Yale macho ya Fizi, mnayajua. Mtoto akameza maneno, akatafsiri nusu niliyompa. Nimemfundisha miaka yote asiseme uongo, na siku ile nilimnyamazisha alipotaka kusema kweli. Deni hilo nalo ninalo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Yule fundi mama akaja na gari, akaitoa betri, akaziba tundu. Safari hii hakucheka. Mpango ukaondoa msaada wake, maana betri ilihamishwa na asiyeruhusiwa, mahali pasiporuhusiwa. Kampuni nayo ikaitwa kujieleza, kwa sababu mtu wake ndiye aliyeifungua, na bila kile kibali chao hawana kazi. Wakamwita Elia. Wakamuuliza, je, mwenye nyumba alikulazimisha?

Akasema hapana. Akasema alifanya mwenyewe, kwa akili yake.

Ole wangu! Mimi nilimtaja yeye nijifiche. Yeye aliulizwa juu yangu, akanificha. Yule niliyemwita si mwanaume!

Akafukuzwa kazi. Na wale wakubwa wa leseni wakasimamisha maombi yake ya mtihani. Sasa anafanya kazi katika hoteli moja Bloomington, anasukuma mikokoteni ya shuka. Si kazi ya aibu, nami nimeosha vyoo vya watu. Lakini mikono ile haikuumbwa kwa shuka.

Nilipozinduka, nilimwambia mjukuu anipeleke kwenye kampuni. Nilivaa kitenge cha kanisani. Nikamweleza yule fundi mama kila kitu, mjukuu akitafsiri, na safari hii bila kumkazia macho. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniletea maji. Akasema anaamini kila neno, na anasikitika. Lakini akasema, "Aliyeishika zana ndiye anayejibu. Siku akiwa peke yake juu ya paa la watu, atakuja mama mwingine kumwambia toboa hapa. Nami lazima nijue atasema nini."

Nikamaliza maji yake, nikamrudishia glasi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimewachapa watoto kwa methali hiyo tangu kambini. Elia alilisikia la mkuu, na guu lililovunjika ni lake. Basi muulizeni mkuu wenu kwanza kama anajua anachosema!

Nilikwenda nyumbani kwa Elia kuomba radhi. Alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kiti kizuri, akanipikia chai mwenyewe. Nikalia. Akasema, "Mama, usilie. Nimekusamehe kabla hujaja." Tukazungumza habari za mzee, za kanisa, za baridi. Nikasubiri aniambie siku ya posa. Hakuniambia. Nikanywa chai mpaka ikapoa, hakuniambia.

Nilikuja kusikia kwa wanawake wa kwaya. Walikwenda Lakeville magari manne. Aliyesimama kama mama yake ni mjane mmoja wa kanisani, mtu mwema, asiyejua hata mtoto yule alianza kutembea lini. Wajomba wa binti walipouliza kijana anafanya kazi gani, alijibu mwenyewe, hotelini. Kukawa na kimya. Walikubali, lakini kwanza kukawa na kimya. Hayo niliambiwa na mtu asiyejua kwamba ananichoma.

Nilimtishia kwamba sitakwenda. Akalishika neno langu kama lilivyo.

Mzee wangu sasa ana mitungi ya akiba ya oksijeni. Dhoruba ikianza, binti yangu anapiga simu kutoka kazini kuuliza, na sauti yake kwangu ni ya adabu. Adabu tu. Ile sauti ya zamani, ya kunitania, sijaisikia tangu betri iondoke.

Basi wenye nyumba, na hasa wazee wenzangu: fundi mwenye cheti akikwambia hapa hapana, ni hapana. Hiyo sheria unayoona ni kiburi cha Wazungu imeandikwa na watu waliozoa majivu. Usimtafute mtoto wa kanisani akufanyie kwa mlango wa nyuma kile ambacho mwenye kibali amekataa kwa mlango wa mbele. Ukimpenda mtoto huyo, mwache afike mwisho wa safari yake. Nanyi vijana, mzazi akikuamuru uvunje kitu cha kazi yako, mpigie magoti, mnunulie kufuli, mletee mkate, lakini usichukue zana. Atanuna. Kununa kwa mzee hakuui mtu.

Jumapili iliyopita niliwakusanya wote sebuleni, binti yangu, mume wake amerudi safari, wajukuu na simu zao. Nikawaambia simu chini. Nikawaamuru hivi, na nikamfanya kila mmoja airudie, hata mdogo ambaye Kiswahili kinamkwama: "Siku mtakaponisikia namwambia mtu yeyote kwamba nilimlea, ili afanye alichokwisha kukataa, msiniheshimu. Nikatizeni hapo hapo, mbele ya wageni, mbele ya mchungaji. Semeni kwa sauti: Bibi, nyamaza."